Talaka ya ughaibuni inatambulikaje nyumbani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa ajili ya Watanzania na Wakenya walioachana na wenzi wao wakiwa nje ya nchi, na kwa ndugu waliobaki nyumbani ambao mara nyingi ndio hutumwa kufuatilia karatasi. Sehemu kubwa inahusu Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, Sura ya 29. Pale Kenya au Zanzibar inapokwenda njia nyingine, nimesema. Namba za vifungu vya Tanzania ni za toleo la 2019 la sheria zilizorekebishwa.

Mahakama ya Uingereza imetuachanisha. Nikirudi Dar es Salaam, bado nahesabika mke wa mtu?

Kwa kawaida, hapana. Kifungu cha 91 cha Sheria ya Ndoa kinaitambua hukumu ya talaka iliyotolewa na mahakama ya nje yenye mamlaka, hata kama ndoa yenyewe ilifungwa Tanzania. Sharti ni kwamba mmoja wenu alikuwa na makao ya kudumu katika nchi ya mahakama hiyo, au alikuwa amekwisha kuishi humo miaka miwili au zaidi siku shauri linafunguliwa. Kama hilo halipo, kuna mlango wa pili: mahakama ya nchi ambayo ni makao ya kudumu ya mmoja wenu iwe imetamka kwamba inaitambua talaka hiyo.

Inatosha mmoja. Mke aliyekwenda Leicester miaka mitano iliyopita akafungua shauri huko, mume akiwa Mbeya muda wote, amekidhi sharti. Wanaume wengi huambiwa na marafiki kwamba talaka "ya kizungu" haiwahusu kwa sababu wao hawakuondoka nchini. Si kweli, na wapo waliokaa wakiamini hivyo mpaka siku walipokwenda kuandikisha ndoa nyingine au kugawana mali.

Makao ya kudumu ni yapi? Mimi nina kibali cha ukaazi tu, si raia wa huku.

Uraia na makao ni mambo mawili. Makao ya kudumu ni nchi unayoihesabu kuwa kwenu kwa maisha, ambako unakusudia kubaki au kurudi. Mtu anaweza kukaa Toronto miaka kumi kwa mkataba wa kazi huku anajenga Bagamoyo, anatuma watoto likizo kwa bibi, na kila mtu anajua atarudi. Mahakama inaweza kusema makao yake hayajatoka Tanzania. Hoja hiyo ina ubishi mwingi, ndiyo maana kigezo cha miaka miwili ni msaada mkubwa. Miaka inahesabika. Una mkataba wa nyumba, hati za mshahara, mihuri ya pasipoti, barua za kodi. Vitunze.

Hapa ndipo talaka za haraka zinapokwama. Jimbo la Nevada, Marekani, linamruhusu mtu kufungua shauri la talaka akiwa ameishi humo wiki sita tu. Kwa sheria ya Nevada talaka hiyo ni halali kabisa. Lakini ikiwa wote wawili mlikuwa na makao Tanzania na mmoja alikwenda Las Vegas kwa wiki hizo sita, kigezo cha makao hakipo na cha miaka miwili hakipo. Msajili wa ndoa au jaji wa Dar es Salaam ana haki ya kuikataa. Kabla ya kulipa pesa kwa watu wanaotangaza talaka ya siku chache mtandaoni, jiulize kwanza kama itakufaa nyumbani.

Je, ni lazima nifungue kesi Tanzania ili itambuliwe?

Si lazima kila mara. Sheria yenyewe inasema hukumu iliyotimiza masharti itatambuliwa, kwa hiyo mara nyingi unachohitaji ni karatasi zilizothibitishwa vizuri unapokwenda kwa msajili, benki, mfuko wa pensheni au ofisi ya ardhi.

Kesi inahitajika pale mtu anapobisha, au ofisi inapokuambia "lete kitu kutoka mahakama yetu". Hapo unaiomba mahakama itoe tamko kuhusu hali yako ya ndoa. Mashauri ya ndoa yanaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Kwa suala lenye hukumu ya nje na mabishano kuhusu makao, mimi ningeanza na wakili na mahakama ya ngazi ya juu kidogo, maana si jambo linalopita mezani kila siku. Ukishinda, unakuwa na hukumu ya Tanzania mkononi.

Ningeshauri hata asiye na mgogoro awaone RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, aulize juu ya kuingiza talaka yake kwenye kumbukumbu, hasa kama ndoa iliandikishwa Tanzania. Daftari linaloendelea kuonyesha kwamba umeoa litakusumbua siku ambayo hukuitegemea.

Niandae karatasi gani?

Hapa watu wengi wanapoteza miezi, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu.

Kitu cha kwanza ni hukumu ya mwisho. Uingereza na Wales, tangu tarehe 6 Aprili 2022, talaka hupita hatua mbili: amri ya masharti, kisha amri ya mwisho inayoweza kuombwa baada ya wiki sita. Amri ya kwanza haivunji ndoa. Wapo wanaopokea barua ya hatua ya kwanza, wanafurahi, wanairusha nyumbani kama ushahidi, na ofisi inaikataa kwa haki kabisa. Ujerumani, hukumu inatakiwa igongwe muhuri unaoitwa Rechtskraftvermerk, unaoonyesha kwamba muda wa rufaa umekwisha na hukumu imekuwa ya mwisho. Bila muhuri huo ulicho nacho ni hukumu ambayo huenda bado inapingwa. Marekani, ombeni nakala yenye muhuri wa karani wa mahakama ya kaunti iliyowaachanisha. Picha ya simu haifai popote.

Cha pili ni uthibitisho. Karatasi inathibitishwa na mamlaka ya nchi ilikotoka, kwa kawaida wizara yao ya mambo ya nje, kisha inapelekwa ubalozi wa Tanzania au wa Kenya ulioko huko, kisha nyumbani inaonwa na Wizara ya Mambo ya Nje. Fanya hivyo ukiwa bado huko. Kumtuma mtu baadaye kufuatilia muhuri wa Stockholm wewe ukiwa Arusha ni gharama na usumbufu usiokuwa na sababu.

Cha tatu ni tafsiri. Hukumu ya Kijerumani, Kiswidi, Kiarabu au Kifaransa itafsiriwe na mtu au taasisi inayokubalika. Kwa Tanzania, BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, hutoa huduma ya tafsiri kwa Kiswahili, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Tafsiri ya binamu anayejua Kijerumani, hata iwe nzuri namna gani, itarudishwa.

Ongeza cheti cha ndoa, pasipoti za wote wawili kama unazo, ushahidi wa miaka uliyoishi huko, na kiapo kinachoeleza kwa ufupi mlioana lini na wapi, nani alifungua shauri, na kwamba hakuna rufaa. Kama huwezi kusafiri, saini kiapo na hati ya kumpa ndugu au wakili mamlaka ya kukuwakilisha mbele ya ofisa wa ubalozi.

Omba nakala zaidi ya moja zenye muhuri wa mahakama. Ofisi za kwetu zinapenda kubaki na nakala halisi.

Mume wangu yuko Muscat. Amenitumia talaka tatu kwa WhatsApp. Nimeachika?

Kidini, mpelekee kadhi au shehe unayemwamini, kwa sababu wanazuoni wanatofautiana kuhusu talaka tatu za mkupuo mmoja na ile ya maandishi. Kisheria, Tanzania Bara, ujumbe huo peke yake haujavunja ndoa yako.

Talaka iliyotolewa nje ya nchi bila mahakama inaangaliwa chini ya kifungu cha 92: inatambuliwa kama ina nguvu kwa sheria ya nchi ambayo ni makao ya wanandoa, au imetambuliwa na mahakama ya makao yao. Kama mumeo yupo Oman kwa kazi na kwenu ni Tanga, makao yenu ni Tanzania Bara, na huko ndoa ya Kiislamu haivunjiki kisheria kwa tamko la mume pekee. Kifungu cha 107 kinataka Baraza la Usuluhishi lishindwe kwanza kuwapatanisha, talaka itolewe, kisha mahakama itoe hukumu. Kama suala limepita mahakama ya Oman na kuna hukumu yenye muhuri, hilo ni jambo jingine. Rudi kwenye kifungu cha 91 na uangalie makao na miaka.

Uingereza nako wana msimamo mkali: talaka iliyotamkwa ndani ya nchi yao nje ya mahakama haitambuliki kwa Sheria ya Familia ya 1986. Mwanamke aliyeachwa kwa maneno sebuleni London, wote wakiwa na makao huko, hana talaka ya Uingereza na hawezi kuja na talaka hiyo Tanzania.

Dada, usikubali kukaa miaka katika hali ya kuning'inia kwa sababu ya ujumbe wa simu. Huna matunzo, huna mgawo wa mali, huna ruhusa ya kuolewa. Nenda kwenye baraza, kisha mahakamani.

Mahakama ya nje imetuachanisha, lakini tulifunga ndoa msikitini au kanisani. Dini inasemaje?

Mahakama inavunja ndoa mbele ya serikali. Kwa Muislamu, mke mwenye hukumu ya Kanada bado anaweza kuhitaji talaka ya mume au faskhi, yaani kadhi kuivunja ndoa, ili aweze kuolewa tena kwa amani, na eda yake ihesabiwe vizuri. Zanzibar hili linabeba uzito wa kisheria kabisa, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki huko na mambo ya ndoa za Waislamu yako Mahakama ya Kadhi. Kenya nayo ina Mahakama za Kadhi kwa ibara ya 170 ya Katiba ya 2010.

Kwa Mkatoliki, hukumu ya serikali haifungui mlango wa ndoa ya pili kanisani. Huko kuna mahakama ya Kanisa inayochunguza kama ndoa ya kwanza ilikuwa batili. Muone paroko mapema, kabla hujatoa barua ya posa.

Sina mpango wa kuoa tena. Kwa nini nisumbuke?

Kwa sababu ya siku utakayokufa, au atakayokufa mwenzako.

Mume anafariki Houston au Dar es Salaam. Anaacha nyumba Kimara, shamba Morogoro, akaunti, na mafao ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Ndugu wanakaa kikao cha ukoo, wanapendekeza msimamizi wa mirathi, muhtasari unapelekwa Mahakama ya Mwanzo. Kabla tangazo halijaisha anatokea mwanamke mwenye cheti cha ndoa cha miaka ya nyuma, anasema yeye ni mjane. Anaweza kuwa mkweli: hakuna karatasi yoyote Tanzania inayoonyesha kwamba waliachana. Mke wa pili, aliyemuuguza marehemu, anaanza kutafuta hukumu ya nje ambayo hajawahi kuiona, katika mahakama asiyoijua jina, akiwa bado amevaa nguo za msiba. Watoto wa pande zote mbili wanaacha kusalimiana.

Hali inakuwa mbaya zaidi kama ndoa ya kwanza ilikuwa ya mke mmoja na haikuvunjwa kihalali. Hapo ndoa ya pili yenyewe inaweza kutangazwa batili, na mwanamke aliyeishi na marehemu miaka ishirini akajikuta anajitetea kwamba alikuwa mke.

Kinyume chake pia hutokea. Mtalaka aliyestahili kulipwa fungu lake kwa amri ya mahakama ya nje anafukuzwa msibani kama mgeni, kwa kuwa hana hati inayosomeka hapa. Kenya, kifungu cha 29 cha Sheria ya Mirathi kinamtaja hata mke wa zamani miongoni mwa watu wanaoweza kuomba matunzo kutoka kwenye mali ya marehemu, lakini lazima kwanza ijulikane alikuwa nani na aliachwa lini.

Kwa hiyo weka nakala moja ya hukumu, iliyothibitishwa na kutafsiriwa, kwa mtu mzima unayemwamini katika ukoo. Mwambie iko wapi.

Nimechumbiwa. Nikienda kuandikisha ndoa mpya wataniuliza nini?

Tanzania na Kenya zote zinataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa siku 21 kabla. Katika taarifa hiyo unaeleza hali yako: hujawahi kuoa au kuolewa, mjane, au mtalaka. Ukiandika mtalaka, leta hati. Usiandike kwamba hujawahi kuolewa ili kukwepa maswali. Hilo ni kusema uongo katika hati ya serikali, na siku 21 hizo zipo ili mtu aweze kuweka pingamizi. Mtalaka mwenye kinyongo, au shangazi yake, anaweza kwenda kwa msajili akasema ndoa ya kwanza bado ipo. Ukiwa na hukumu iliyothibitishwa, pingamizi linaisha haraka. Usipokuwa nayo, ukumbi umelipwa, kadi zimesambazwa, na harusi inasimama.

Kenya, kufunga ndoa nyingine wakati ya mke mmoja bado ipo kunaweza kumfikisha mtu jela hadi miaka mitano kwa kifungu cha 171 cha Kanuni ya Adhabu.

Jaji wa nje ameamuru nyumba yetu ya Tanzania igawanywe nusu kwa nusu. Amri hiyo inatekelezeka?

Talaka kutambuliwa ni jambo moja, na amri ya mali ni jingine. Mahakama ya nje haina mamlaka ya moja kwa moja juu ya ardhi ya Tanzania. Msajili wa hati hawezi kubadilisha jina kwa sababu jaji wa Oslo ameandika hivyo. Na kama mtalaka si raia, Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Njia ya kawaida ni kupeleka suala la mgawanyo katika mahakama ya Tanzania, ambako kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaangalia mchango wa kila mmoja. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 1983, kazi za nyumbani na malezi zinahesabiwa kuwa mchango. Mama aliyelea watoto Uingereza huku mume akituma pesa za kujenga Kigamboni ana haki ya kusikilizwa.

Kenya, Mahakama ya Juu iliamua Januari 2023 kwamba ndoa peke yake haileti nusu kwa nusu; kila mmoja aonyeshe mchango wake, wa fedha au usio wa fedha.

Na amri ya kulea watoto?

Usidhani itafuatwa kama ilivyo. Mahakama ya nyumbani itaisoma amri ya nje, lakini itaamua kwa kuangalia maslahi ya mtoto. Tanzania ina dhana ya kisheria kwamba mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama, ingawa inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Sikuwahi kupewa taarifa ya kesi. Nimesikia tu kwamba nimeachwa.

Una hoja. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Tanzania, na kifungu cha 9 cha sheria ya aina hiyo Kenya, vinasema hukumu ya nje haina nguvu ya mwisho kama ilipatikana kwa udanganyifu au kwa kukiuka haki ya kusikilizwa. Lakini hakikisha kweli hukupewa taarifa. Barua zilizotumwa kwenye anwani uliyoiandika mwenyewe, au barua pepe ambazo hukuzifungua, mara nyingi mahakama huzihesabu. Wahi. Ukikaa kimya miaka sita, kisha ukabisha kwa sababu mwenzako ameoa tena, huruma ya mahakama itakuwa ndogo.

Kenya wana utaratibu gani?

Sheria ya Ndoa ya 2014 inashughulikia hili katika kifungu cha 61 na 62. Hukumu ya nje inatambuliwa kwa misingi ya makao ya mmoja wa wanandoa, au kama ina nguvu katika nchi ya makao hayo. Ndoa iliyofungwa Kenya ikavunjwa nje, yeyote kati ya wawili hao anaweza kumwomba Msajili wa Ndoa aiandikishe hukumu hiyo. Ofisi iko Sheria House, Nairobi, na huduma zake nyingi huanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Itumie nafasi hiyo, kwa sababu cheti cha Kenya kinazungumza na ofisi za Kenya bila ubishi.

Talaka yangu ya nje haitimizi masharti. Nifanyeje?

Omba talaka upya nyumbani. Mahakama ya Tanzania inaweza kukusikiliza kama makao yako ni Tanzania, au umeishi nchini angalau mwaka mmoja kabla ya kufungua shauri. Kawaida lazima mpite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, lakini kifungu cha 101 kinakusamehe ikiwa mwenzako anaishi nje na hakuna dalili kwamba ataingia nchini ndani ya miezi sita. Watu wengi hawaujui msamaha huo, wanazungushwa kwenye baraza la kata kumsubiri mtu aliyeko Melbourne. Mwonyeshe wakili wako kifungu hicho. Hukumu ya nje, hata isiyotambuliwa, bado ina kazi: ni ushahidi mzuri kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika.

Jina la mume nalifutaje?

Hukumu ya talaka haibadilishi jina kwenye pasipoti na kitambulisho yenyewe. Waulize NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa Tanzania, na Uhamiaji wanachotaka. Kama hukumu haitoshi, wakili atakuandalia hati ya kubadili jina.

Sisi tuliachana Tanzania, na sasa nataka kuoa Ujerumani. Je, wao wanaitambua talaka yetu?

Ujerumani, talaka ya nje hupitia idara ya sheria ya jimbo au mahakama ya ngazi ya juu ya jimbo, na maombi hupelekwa kwa kawaida kupitia ofisi ya ndoa, Standesamt, ya mji unaotaka kufungia ndoa. Kuna nafuu: kama wote wawili mlikuwa raia wa Tanzania pekee na mahakama ya Tanzania ndiyo iliyowaachanisha, hatua hiyo ya utambuzi rasmi haihitajiki. Kama mmoja alikwisha kuchukua uraia wa Ujerumani, inahitajika. Wataomba hukumu kamili yenye muhuri, ushahidi kwamba ni ya mwisho, cheti cha ndoa na tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa. Hati ya talaka ya msikiti au ya BAKWATA, baraza la Waislamu Tanzania, peke yake wataikataa, kwa hiyo kama mliishia hapo, rudini kwanza mahakamani mpate hukumu.